Vyombo vya harusi, piano ya Berlin: tathmini ya huduma ya sauti Lubumbashi

Kama unatafuta vyombo vya sauti kwa harusi, matanga au mkesha wa maombi hapa Lubumbashi, kodi hawa watu na usihangaike kusoma zaidi. Wanafika mapema, vyombo vyao vinafanya kazi, na kutoka Katuba hadi Ruashi mabafle yao, yaani spika kubwa, yameshatikisa mabati ya kutosha. Mimi ninawaandikia wale wachache wenye shughuli ya ajabu kama yangu: muziki usiochezeka, unaosikilizwa watu wamekaa, wengine wamefumba macho.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari na ninaimba alto kwaya. Ukichanganya hayo mawili unapata kipindi ninachokiongoza jioni za Jumamosi katika ukumbi wa parokia, upande wa Kamalondo: ninaweka muziki, ninasema kidogo, ninaweka tena. Wanaokuja ni wanakwaya, wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho (nusu yao kwa hiari), na wazee waliostaafu Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ambao penye viti vya bure hawakosi. Kwa kawaida natumia redio yangu ya nyumbani. Safari hii mada ilikuwa muziki wa Wajerumani na vita vya 1939 hadi 1945, na katika orodha yangu kulikuwa na rekodi moja ambayo redio ya nyumbani ingeiua kabisa. Ndiyo maana nikaenda kukodi.

Jina la kampuni silitaji. Nina ya kuwasifu, nina na ya kuwalaumu, na mwenye kampuni tunapeana amani kanisani kila Jumapili.

Tulipatana dola 120 kwa jioni nzima: mabafle mawili makubwa yenye miguu, besi mbili, meza ya kuchanganya sauti, mikro tatu, gurupu la umeme (jenereta), fundi mmoja, na usafiri. Usafiri, nasisitiza, ulikuwa ndani ya bei. Dereva alipofika akadai dola 10 za ziada kwa sababu barabara ni mbaya. Barabara hiyo ilikuwa mbaya vilevile siku tulipopatana. Nilimpigia mwenye kampuni, akacheka, akasema, “Mama Mwalimu, mpe tano.” Sikumpa, na mzigo ulishushwa polepole kuliko kawaida.

Fundi, kwa upande wake, ni kijana wa dhahabu. Waya zote alizilaza kando ya ukuta na kuzibandika chini ili wazee wasijikwae, hilo sikumwomba. Kisha akajaribu vyombo kwa sebene, magitaa ya kuchezesha watu, vioo vya madirisha vikaitikia, watoto wa mtaa wakajaa mlangoni wakitikisa mabega. Nilipomwambia jioni hiyo hakutakuwa na gitaa hata moja alinitazama kwa huruma.

Meza yao ina mahali pa kuchomeka fleshi, lakini inasoma MP3 peke yake. Kama una faili nzuri zaidi, beba kompyuta yako na uombe waya. Desturi yao ni kupiga muziki kutoka kwenye simu ya fundi kwa Bluetooth, na simu ya fundi ina marafiki wengi wanaotuma ujumbe. Kwenye harusi nani atasikia? Mimi niligoma, akatafuta waya, akaipata chini ya kiti cha gari.

Nilifungua kwa Simfoni ya 5 ya Beethoven, zile noti nne ambazo hata asiyejua kitu anazijua. Tatu fupi, moja ndefu: kwa alfabeti ya Morse hiyo ni herufi V. Januari 14, 1941, Mbelgiji Victor de Laveleye, aliyekuwa akitangaza kutoka London katika BBC, aliwaomba watu wa nchi yake iliyotekwa waichore herufi V kila mahali, ishara ya ushindi. Baadaye BBC ikaanza kuigonga V kwa ngoma katika matangazo yake ya Ulaya, na kila aliyeisikia alimsikia Beethoven ndani yake. Mjerumani aliyezikwa tangu 1827 akaingizwa jeshini dhidi ya Ujerumani. Wazee walipenda hilo la Mbelgiji kuliko muziki wenyewe; mmoja akasema kwa sauti kwamba hao Wabelgiji walijua kuomba uhuru wao, wa wengine walikuwa hawaujui.

Kwa kipande hiki vyombo vya kampuni vilifanya kazi safi. Penye nguvu, viko nyumbani. Okestra nzima ikipaza, unaisikia kifuani. Hapo sina neno.

Mendelssohn nilimpitia haraka. Konserto yake ya violini, sehemu ya kwanza, ambayo kila mtu huipenda bila kufundishwa. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na ingawa alibatizwa mtoto, Wanazi walipiga marufuku muziki wake. Novemba 1936 sanamu yake mbele ya ukumbi wa Gewandhaus mjini Leipzig iling'olewa wakati meya Carl Goerdeler akiwa safarini. Meya alijiuzulu kwa ajili hiyo, akaingia katika upinzani, na Februari 2, 1945 akanyongwa. Violini ilitoka kali kidogo, yenye makucha. Fundi akapunguza sauti za juu kabla sijafungua mdomo.

Tatizo la kwanza la kweli lilikuwa mikro. Fundi aliniwekea eko. Hapa mjini ndiyo heshima: mtu akishika mikro anapewa eko, naye anasikika kama mhubiri anayetangaza miujiza uwanjani. Sehemu hiyo ya kipindi haikuvumilia eko. Nilikuwa nasimulia Desemba 1941. Desemba 5 ya mwaka ule ilitimia miaka 150 tangu Mozart afariki, na Vienna, ambayo Hitler aliimeza pamoja na Austria yote mwaka 1938, ilifanyiwa wiki ya Mozart kwa amri ya serikali, kuanzia Novemba 28, Goebbels mwenyewe, waziri wa propaganda, akatoa hotuba. Mwanamuziki akageuzwa bendera. Siku nne baada ya kilele cha sherehe hiyo, Desemba 9, hapahapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waliogoma walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Vita vilitaka shaba zaidi na zaidi, bei sokoni zilipanda, mishahara ikabaki chini. Askari waliwafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, alikuwa kati ya waliouawa.

Jaribu kusema jina la marehemu wa mji wako kwenye eko. Jina linarudi mara tatu, dogo, dogo zaidi, na mtoto wa nyuma analiigiza. Nikamfanyia fundi ishara ya mkasi kwa vidole. Akaelewa papo hapo. Sauti ikabaki kavu, yangu, na ukumbi ukasogea mbele. Nikaweka “Lacrimosa” ya Requiem, misa ya wafu, ambayo Mozart aliiacha baada ya mistari michache tu ya mwanzo, wengine wakaimalizia. Wazee wawili wa Gécamines walivua kofia. Mmoja wao alinieleza baadaye kwamba baba yake alikuwa mgodini mwaka huo na hakupenda kabisa kuulizwa habari zake.

Sasa nifike kwenye rekodi iliyonifanya nikodi vyombo.

Katika miezi ya mwisho ya vita, mafundi wa redio ya Berlin walimrekodi Walter Gieseking akipiga Konserto ya 5 ya Beethoven kwa piano, pamoja na okestra ya redio chini ya Artur Rother. Walitumia Magnetophon, mashine ya utepe wa sumaku iliyotengenezwa na AEG, na waliirekodi kwa stereo, sauti ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, wakati santuri za stereo zilikuwa hazijafika madukani na zingefika karibu 1958. Rekodi za stereo za wakati ule zilizosalia zinahesabika. Katika sehemu ya kwanza, pale piano inapopungua hadi kuwa nyuzi mbili tatu za sauti, unasikia mshindo mzito, hafifu, kutoka nje ya jengo. Ni mizinga ya kutungulia ndege. Gieseking haharakishi, hapunguzi. Anapiga noti inayofuata.

Beethoven aliitunga konserto hiyo mwaka 1809, mwaka ambao jeshi la Napoleon liliipiga Vienna kwa mizinga. Inasimuliwa kwamba alikaa ghala la chini nyumbani kwa ndugu yake, amejibana masikio kwa mito ili kulinda usikivu kidogo aliobakiwa nao. Kwa hiyo muziki huu ulitungwa chini ya mizinga ukarekodiwa chini ya mingine. Si jambo la kulisema mapema. Nililiweka akiba.

Mchana, wakati wa majaribio, nilimwekea fundi kipande hicho bila maelezo. Mara ya kwanza, besi zikiwa zimewashwa kama kwa harusi, mshindo ulinenepa ukawa ngoma, ukaingia katika wimbo kana kwamba Beethoven ndiye aliyeuandika. Fundi alitikisa kichwa kwa furaha. Nikamwomba azime besi.

“Mama, bila besi batu batalala.”

“Acha walale, mwanangu. Zima.”

Akazima. Ngoma ikatoweka, na mshindo nao karibu upotee; kulikuwa na kasoro nyingine. Mabafle yote mawili yalikuwa yanatoa kitu kilekile. Yeye, na karibu kila fundi wa mji huu, huunganisha mono, na ana sababu: aliyekaa kona ya kushoto ya harusi naye anataka kusikia gitaa lililo kulia. Lakini hapa tulikuwa na moja ya rekodi za kwanza duniani zenye kushoto na kulia, na tulikuwa tunaikunja kama shati. Nilimweleza. Hakubisha. Alichomoa waya mbili, akabadilisha moja, akasogeza mabafle yakatazamana kidogo kwa ndani badala ya kuutazama ukuta wa nyuma, akashusha sauti mpaka nikaogopa.

Kisha akaenda kusimama katikati ya ukumbi, mkono juu ya kiti. Piano ilikuwa mahali pake, okestra nyuma yake, kukawa na upana. Pakafika mahali penyewe. Akageuza kichwa, si kwenye bafle bali kwenye dirisha.

“Mama, kuna kitu kinaanguka inje.”

Hapo ndipo nilipojua dola 120 zangu hazikupotea. Kampuni inajivunia ukubwa wa mabafle. Mimi nililipia masikio ya kijana mmoja na utayari wake wa kuzima nusu ya vyombo alivyobeba. Nasema hivyo kwa sababu kuna fundi wengine, nimewahi kuwakodi kwa shughuli za kwaya, ambao ukiwaambia wapunguze wanakuona umewatukana.

Jioni yenyewe niliwaambia watu jina la kipande na jina la mpiga piano, basi. Mlangoni alikuwepo bwana mmoja aliyehamia huku kutoka Kivu, mashariki kwenye vita, jirani wa parokia, ambaye huja kwa ajili ya mazungumzo zaidi kuliko muziki. Pale pale alipogeuka fundi mchana, naye aliinua uso. Akamwambia aliyekaa jirani, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ile si ngoma. Iko mbali kidogo, nyuma ya mulima.” Watu kumi hivi walimsikia. Wanafunzi wakaanza kutazamana. Sikukatiza muziki. Ulipokwisha nilisimulia Berlin na Vienna, nikawaambia pia kwamba Gieseking alibaki Ujerumani akipiga piano muda wote wa utawala ule, na mwaka 1949 alipokwenda New York, tamasha lake Carnegie Hall lilifutwa kwa maandamano. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kujua kama ni haki kuupenda muziki wa mtu wa namna hiyo. Tukalijadili muda mrefu kuliko nilivyopanga, wazee upande mmoja, vijana upande mwingine, na ajabu ni kwamba wazee ndio waliokuwa wakali.

Baadaye umeme ukakatika. Hilo si kosa la kampuni, na gurupu lao liliwaka kwa mvuto wa kwanza. Kosa lao ni mahali walipoliweka: chini ya dirisha la ukumbi, mita chache kutoka safu ya nyuma, kwa sababu dereva aliyenuna hakutaka kulibeba hadi nyuma ya jiko. Na kipande kilichofuata kilikuwa “Metamorphosen” ya Richard Strauss.

Hii ni kazi ya vyombo 23 vya nyuzi tu: violini 10, viola 5, chelo 5, kontrabasi 3. Inakaribia nusu saa bila kituo. Strauss aliimaliza Aprili 12, 1945, umri wake miaka 80, Ujerumani ikiwa inaporomoka. Jumba la opera la Munich, mji aliozaliwa, lilikuwa limeteketea kwa mabomu Oktoba 1943. La Dresden, ambako opera zake nyingi zilionyeshwa kwa mara ya kwanza, Februari 1945. Mwishoni kontrabasi na chelo zinatoa wimbo wa maziko kutoka Simfoni ya 3 ya Beethoven, na hapo Strauss aliandika maneno ya Kilatini: In memoriam. Sasa sikiliza hayo yote na gurupu la petroli likinguruma katika sauti ileile ya kontrabasi tatu. Fundi alitaka kuongeza sauti kulishinda. Nikamkatalia. Tulifunga madirisha, ukumbi ukawa tanuri, tukaendelea hivyo hadi mwisho. Waliokaa mbele walisikia Strauss, waliokaa nyuma walisikia petroli. Kwa kosa hilo nawakata nyota nzima.

Strauss sikumwachia aondoke na huruma ya bure. Kuanzia 1933 hadi 1935 alikuwa rais wa baraza la muziki la Wanazi. Aliondolewa baada ya barua yake kwa mwandishi Stefan Zweig, Myahudi, kunaswa na polisi. Mke wa mwanawe alikuwa Myahudi, na Strauss aliishi akimwogopea huyo na wajukuu wake. Yote hayo ni kweli kwa pamoja. Binti mmoja wa safu ya mbele akauliza, “Mwalimu, huyu babu analilia majengo?” Mzee wa Gécamines akamjibu kabla yangu kwamba aliyejenga kitu maisha yake yote anaweza kulilia jengo. Binti hakuridhika. Nami, nikisema ukweli, niko upande wa binti, ingawa kazi yenyewe naipenda mno.

Nilikuwa nimepanga kufunga na Adagio, sehemu ya polepole, ya Simfoni ya 7 ya Bruckner, ile iliyopigwa redioni Ujerumani usiku wa Mei 1, 1945 kabla ya kutangazwa kifo cha Hitler. Saa haikuruhusu, joto pia, na mama wa parokia alikuwa ameshaanza kupanga viti juu ya viti. Nikawapigia dakika mbili tu watu wakitoka. Ilitosha.

Kwa hiyo nawapa nyota tatu na nusu kwa tano, na karibu zote ni za fundi. Nitawakodi tena, lakini safari ijayo nitaomba punguzo: sihitaji besi, mikro moja ya waya inatosha, na bei bila besi wenyewe wamekubali iwe dola 90. Mkiwafuata, ombeni yule kijana mrefu anayevaa saa mkono wa kulia, si ndugu wa mwenye kampuni. Waambieni tangu mwanzo: stereo, hakuna eko, waya na si Bluetooth. Gurupu litajwe kwenye karatasi ya makubaliano, pamoja na mahali litakapokaa na urefu wa ralonji, waya wa kurefushia umeme, maana ralonji yao ndefu wanaikodisha kando kwa faranga 10,000. Dereva mlipeni soda kabla hajashusha mzigo. Na noti za dola ziwe safi. Yenye mchaniko hata wa upana wa ukucha wanaikataa, na usiku ule hakuna duka la kubadilisha lililo wazi Kamalondo.